Ming'oko kwa Mikono Miwili

Mwaka wenyewe siujui kwa namba. Naujua kwa tumbo. Ulikuwa mwaka tuliokula ming'oko asubuhi, ming'oko mchana, na jioni, ukibahatika, ugali wa unga wa njano uliogawiwa pale kwenye ghala la kijiji. Unga ule ulinuka gunia. Watoto walikuwa wakiutazama kwanza, kisha wanakutazama wewe uliyeupika, kama vile umewakosea. Ming'oko ilikuwa afadhali. Ni mizizi ya porini tu, myembamba kama vidole vya kizee, unaichimba mpaka mgongo unalia, unaichemsha kwa chumvi, unamenya huku unakula. Lakini ni chakula chetu, tunakijua tangu kwa mama zetu, na hakuna aliyetuletea kwa lori.

Tulikuwa tumeshahamia kando ya barabara, huku upande wa Kitomanga, nyumba zimepangwa mstari kama watu wanaongoja chumvi. Mikorosho yetu tuliiacha kule nyuma, tukawa tunaifuata kwa miguu kama ndugu aliye jela. Kijiji cha ujamaa kilitupa shule na zahanati, kikatupa na majirani ambao mtu hakuwachagua. Sitaki kusifu wala kulaumu. Nataka kusema habari ya mtoto.

Mtoto huyo ni mjukuu wangu, wa binti yangu aliyeolewa mbali, Mitole. Mama yake alikuwa mjamzito tena na chakula kule kilikuwa hakuna, basi mtoto akaletwa kwangu. Aliyemleta ni bibi yake mzaa baba, mkwe mwenzangu, mwanamke safi, mchaji Mungu, mwenye kanga zisizo na doa hata mwaka wa njaa. Mtoto alikuwa ameshaota meno yote, anasema kila kitu, mdomo kama cherehani. Lakini upande wake wa kulia ulikuwa umelala. Mguu anauburuta kidogo. Mkono umekunjwa kifuani, kiwiko kimepinda, ngumi imefungwa na dole gumba ndani yake. Walisema ni degedege la uchanga. Wengine walisema mengine, nayo siyarudii.

Siku ile ya kwanza nikateleka ming'oko, nikaimwaga kwenye sinia, tukakaa mkekani. Mkwe akachomoa kipande cha kanga kiunoni mwake, akamvuta mtoto, akaufunga mkono wake wa kushoto nyuma ya mgongo. Alifunga kwa utaratibu, kama mtu aliyezoea.

"Unafanya nini, mkwe?"

"Namfundisha adabu. Nisipomfunga anautia wa kushoto kwenye sinia, mbele za watu."

"Na atakula kwa nini?"

"Kwa wa kulia. Njaa itaufungua."

Nikamtazama mtoto. Hakulia. Angelia ingekuwa afadhali. Alikaa mbele ya chakula, macho yanafuata mikono yetu, inakwenda kwenye sinia, inarudi mdomoni, inakwenda, inarudi. Kile kimkono chake cha kulia kilijikunja zaidi, kama kuku aliyelowa mvua. Ndipo nilipoelewa kwa nini mbavu zake zinahesabika.

Nikakifungua kile kitambaa. Nikakikunja vizuri, nikamrudishia mwenyewe.

"Mkono wa mtoto huyu haufungwi," nikasema.

"Mkwe, huyu ni mtoto wa kike. Kesho ataandaliwa na nani, atamwandalia nani, kwa mkono wa chooni? Aibu hiyo utaiweka wapi?"

"Aibu nitaila mimi. Yeye mwache ale ming'oko."

Msimdhanie vibaya. Alimpenda mtoto yule. Aliona mbali, aliona siku ya kuozwa, watu wanatazamana juu ya sahani. Huku kwetu mtu anayetia kushoto kwenye chakula cha wenzake, hata akiwa na elimu ya mbinguni, hutasikia wakimsifia kitu kingine. Mkwe alitaka kumkinga na hilo. Alikosea mahali pamoja tu: alidhani mkono umekataa kwa ukaidi.

Mimi mwenyewe nilikuwa sijui umekataa kwa nini. Mkwe alipoondoka nikampeleka mtoto zahanati. Mama wa kliniki akamgeuzageuza, akaniambia niende hospitali ya wamisheni, kuna watu wawili pale wanaowaangalia watoto wa namna hii. Nikapanda lori la magunia ya korosho, mtoto mapajani, vumbi mpaka kwenye kope.

Wa kwanza alikuwa daktari, kijana wetu wa bara, mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Wa pili sista, mzungu mrefu aliyejifunza Kiswahili kwa Wamwera, kwa hiyo alizungumza kama mwanamke aliyetoka shambani sasa hivi. Kazi yake, aliniambia, ni kutibu watu kwa kazi. Nikacheka. Nikamwambia, "Sista, kama kazi ni dawa, mimi ningekuwa sijapata kuumwa hata kichwa." Naye akacheka mpaka akashika meza.

Daktari alichukua korosho iliyobanguliwa, akaipasua kwa kucha, zikatoka pande mbili. Akasema ubongo uko hivyo, una pande mbili. Upande wa kushoto ndio unaoendesha mkono wa kulia, na wa kulia unaendesha wa kushoto. Mtoto huyu aliumia upande mmoja alipokuwa mchanga.

"Kwa hiyo, bibi, mkono wake ni mzima."

"Mzima? Huu?"

"Mzima. Haupati habari. Ni kama barabara imekatika."

Hapo nikaelewa kuliko alivyodhani. Barabara yetu ya Kilwa kila masika ilikuwa inakatika pale mto Mbwemkuru. Maji yanakula kingo, magari yanalala upande wa huku na upande wa kule. Lakini watu hawaachi kwenda msibani kwa sababu barabara imekatika. Wanaingia porini. Anayetangulia anachanwa na miiba, anapotea, anarudi. Anayemfuata anaona majani yamelala. Baada ya wengi kupita kuna njia nyeupe, hata mtoto anaweza kutumwa. Nikamwambia hivyo. Daktari akasema ndivyo hasa kichwa cha mtoto kinavyofanya, tena cha mtoto kuliko cha mtu mzima: kinatafuta pa kupita. Ila njia haiwi njia mpaka ipitwe, na ipitwe tena.

"Basi mkwe wangu alikuwa na haki kumfunga wa kushoto," nikasema. "Ili wa kulia upite."

Waliangaliana. Sista ndiye aliyenijibu. Akasema: mtoto akifungwa mbele ya chakula, ana njaa, ana haya, watu wanamtazama, kichwa chake hakijifunzi mkono. Kinajifunza woga. Njia inayofunguka ni ya kukimbilia. "Wewe," akaniambia, "mpe huo mkono kazi anayoitaka mwenyewe. Kazi ambayo mkono mmoja hauwezi. Halafu ufunge mdomo wako."

"Mdomo wangu?"

"Ndiyo, bibi. Huo tu ndio wa kufunga."

Nimewaza sana juu ya watu wale wawili. Daktari peke yake angenipa maneno, nikarudi nayo nyumbani kama debe tupu, linalia tu. Sista peke yake angenipa kazi nisiyojua kwa nini naifanya, na kazi ya namna hiyo nisingeifikisha mbali. Mmoja alikuwa mtu wa kichwa, mwingine mtu wa mikono. Mtoto ana vyote viwili, kwa hiyo alihitaji wote wawili, na mimi katikati kama uzi.

Wakanifundisha. Niupashe mkono joto kwa maji, niusugue kwa mafuta ya ufuta, nianze mgongoni mwa kiganja, nisivute vidole kwa nguvu, nilitoe dole gumba kwanza taratibu, vingine vitalifuata. Akicheza mkekani niuweke ule mkono chini, kiganja wazi, aulalie kwa uzito wake huku wa kushoto unacheza. Na kitu kingine kilichonishangaza: nijaze bakuli mbegu, nifiche vitu ndani, mkono uvitafute bila macho. Daktari akasema mkono usiohisi kitu husahauliwa na kichwa, kama ndugu asiyekuja kusalimia.

Mbegu nilikuwa nazo. Ufuta wa kupanda, kibuyu kimoja, nimeuficha juu ya dari hata njaa isiuone. Nikauteremsha. Jirani yangu mmoja, mwanamke mwenye sauti ya kuitia meli, akasimama mlangoni.

"Shoga! Watu tunachimba mizizi kama nguruwe, wewe unamchezesha mtoto na chakula?"

"Mbegu haipungui kwa kuguswa."

"Itapungua kwa kuliwa. Huyo mtoto ana mdomo."

"Ana mdomo kama wako, lakini wake unanyamaza akishiba."

Akaondoka anacheka. Kesho yake alirudi na vifungo viwili vya shati la marehemu mumewe, tuvifiche kwenye ufuta.

Mtoto aliupa ule mkono jina. Aliuita mgeni. Sijui alilitoa wapi. Asubuhi namuuliza, "Mke mwenzangu, mgeni kaamka?" Maana mjukuu wa kike kwetu ni mke mwenza, babu yake anamwita mkewe na mimi nagombana naye. Anautazama, anasema, "Bado kalala, mvivu." Au anasema, "Kaamka lakini kanuna." Nikaona kuna faida katika jina hilo. Mgeni humpigi. Mgeni unamkaribisha, unamtengea, unangoja aone mwenyewe pa kukaa.

Chakulani nilimpa bakuli lake, akae ubavuni mwangu, ale kwa kushoto. Nilimuuliza shehe wetu, akaniambia asiyeweza hana lawama. Wasioridhika na jibu la shehe niliwaambia wahame mkeka.

Sasa ming'oko. Mng'oko una ganda jembamba, na kwa mkono mmoja huumenyi. Yeye alikuwa akiubugia na ganda lake, anatema nyuzi. Wengine wote nyumbani walitaka kummenyea. Niliwazuia. Siku zote nilikaa karibu yake, namenya wangu polepole, navuta ganda lote mpaka mwisho, nachovya kwenye chumvi, nakula huku nafumba macho. Simwambii kitu. Mdomo wangu nilikuwa nimeufunga kweli, na aliyenijua anajua hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kuchimba.

Ilikwenda hivyo, ikaenda. Kwanza akaukandamiza mng'oko chini ya kiwiko cha kulia, ukasagika. Akaubana kifuani, ukaanguka. Akakasirika, akautupa, nikauokota, nikaula mimi. Sista alikuwa ameniambia: akilala usingizi usimwamshe kwa kazi ndogondogo, maana wakati huo ndipo kichwa chake kinapanga alichokifanya mchana. Nikamwacha alale. Naye akiamka anarudi kwenye sufuria.

Halafu asubuhi moja, ming'oko bado ya moto, aliushika mmoja kwa kushoto akauweka kwenye kile kiganja cha kulia kilichokuwa kimetoka kwenye maji ya vuguvugu. Nikaona dole gumba likitoka. Lilitoka kama mlango wa zamani, linasita, linatetemeka. Vile vidole vinne vikafuata, vikaufunika mng'oko. Wa kushoto ukavuta ganda. Likakatika katikati. Akavuta tena. Akatia mdomoni, chumvi amesahau.

"Mke mwenzangu," nikasema, "umemenya peke yako."

"Siyo peke yangu," akasema, mdomo umejaa. "Mimi na mgeni."

Nikaenda nyuma ya nyumba nikajidai natafuta kuni.

Wakati huohuo na mimi nilikuwa na shule yangu. Tuliandikishwa ngumbaru, wazee kwa wazee, alasiri baada ya shamba, kwenye darasa la watoto, magoti yanagonga madawati. Mwalimu wetu ni yuleyule aliyewafundisha watoto asubuhi, kijana wa kutoka Mingoyo, suruali moja, pasi kila siku. Mimi mkono huu umelima, umesuka mikeka, umekunia nazi watu wa harusi nzima, lakini siku niliyopewa penseli ulikakamaa. Herufi ya kwanza tu, ile yenye tumbo na mkia, ilitoka kama kamba iliyotupwa. Nilitoa jasho. Penseli ilitoboa karatasi. Jirani yangu mwenye sauti akasema, "Shoga, unaandika au unachimba ming'oko?"

Nilirudi nyumbani nikautazama mkono wangu, kisha wa mjukuu wangu. Nikaona ni jambo lilelile. Mkono mzima, habari haijafika. Tangu siku hiyo tulikuwa tunakaa wote mkekani, mimi na kipande changu cha ubao, yeye na bakuli lake la ufuta, kila mmoja anapita kwenye miiba yake. Yeye alikuwa na haraka kuliko mimi. Mimi njia zangu zilikuwa zimeshajaa nyasi.

Njaa ikaisha, mihogo ikarudi, halafu ukaja ule mwaka serikali iliposema kila mtoto aende shule. Mtoto alikuwa amekua. Mgeni naye alikuwa amekuwa mwenyeji wa nusu: anashika bakuli, anashika ungo upande mmoja akipepeta, anakandamiza ukili wakati wa kushoto unasuka. Kuandika hakuwezi. Kuchambua vitu vidogo hakuwezi. Sikuwa nikijidanganya. Njia ya porini haijawahi kuwa lami.

Siku ya kuandikisha watoto tulipanga foleni mbele ya shule. Nyinyi wa umri wangu mnakumbuka kipimo chenyewe: mtoto anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ashike sikio la kushoto. Akilifikia, umri umetosha. Asipolifikia, mwakani. Vyeti vya kuzaliwa nani alikuwa navyo?

Mkwe alikuwa amekuja kutoka Mitole kusudi. Alisimama nyuma yangu, kanga safi kama kawaida. Na madawati yalikuwa machache, hilo kila mtu alilijua. Aliyekataliwa leo, nafasi yake inachukuliwa na aliye nyuma.

Zamu yetu ikafika.

"Shikamoo, bibi," mwalimu akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Haya, binti. Wa kulia, juu ya kichwa."

Akaunyanyua. Mkono ukapanda, ukafika utosini, ukatua hapo kama kuku juu ya paa. Haukwenda mbele wala haukurudi. Watoto wakaanza kucheka. Yeye akawageukia akawaambia, "Subirini, kachoka na safari," nao wakacheka zaidi, lakini sasa walikuwa wanacheka naye.

"Mwalimu," nikasema, "jaribu wa pili."

Wa kushoto ulipita juu ya kichwa, ukalikamata sikio la kulia, ukalivuta mpaka likanyooka. Mwalimu akatabasamu. Akainama kuandika, halafu akainua kalamu.

"Umri umetosha. Lakini bibi, huyu ni wa kushoto. Darasani hatuandiki kwa kushoto. Wako wengine walikuja hivihivi, tukawafunga kitambaa ule mkono mpaka wakazoea. Naye tutamfunga. Ukikubali namwandika."

Balozi wetu wa nyumba kumi akaninong'oneza sikioni, "Kubali, bibi. Jina liingie kwanza, mengine baadaye." Nyuma yangu nikasikia mkwe akivuta pumzi. Nilijua anafikiria kile kipande cha kanga. Mtoto alikuwa ananitazama mimi. Mkono wa kushoto ulikuwa bado umeshika sikio, hajaambiwa auteremshe.

"Mwalimu," nikasema, "wewe alasiri unanifundisha mimi. Herufi zangu zilipokuwa kama minyoo, ulinifunga?"

"Bibi, wewe ni mtu mzima."

"Ulinishika mkono, ukasema, taratibu bibi, itakuja. Imekuja au haikuja?"

"Imekuja."

"Wenzake wana mikono miwili inayopata habari, wakachagua mmoja. Huyu habari zinafika upande mmoja vizuri, wa pili zinapita porini. Ukiufunga ulio na barabara hataandika kwa wa kulia. Hataandika kabisa. Atajifunza kukuogopa, basi."

"Hayo ya habari na barabara umeyasoma wapi?"

"Sijayasoma. Nimeyaona yanatokea mkekani kwangu. Mke mwenzangu, mwonyeshe mwalimu."

Akateremsha mkono. Akachukua daftari la mwalimu mezani kwa kushoto, akaliweka chini ya kiganja cha kulia, dole gumba likatoka, vidole vikalala juu ya karatasi, vikalikandamiza lisipeperuke. Kisha akanyoosha wa kushoto, anaomba kalamu.

Hakuna aliyecheka. Mkwe wangu, yule yule, akasema kwa sauti ndogo, "Mpe basi, mwalimu."

Mwalimu hakumpa kalamu. Lakini aliandika jina lake, mbele ya macho yangu, na kwa mara ya kwanza maishani nikasoma jina la mjukuu wangu likiwa limeandikwa na mtu mwingine. Lilikuwa sahihi, herufi zote.

Alipomaliza akatazama kushoto na kulia, akainama karibu yangu kama mtoto anayeomba samahani kabla ya kukosa.

"Ila bibi, siku mkaguzi akija. Siku hiyo moja tu. Kitambaa kidogo, kwa ajili ya macho yake."

"Mkono wa mtoto huyu haufungwi."